Kabati la Vioo la Mama Amina

Vijana wangu, nyinyi mnaouza soseji za smokie na mayai kwenye vitoroli pale stendi ya Kisii, na nyinyi mnaokaanga chapati mlangoni ili harufu iite watu, mimi huwaona. Hupita kando yenu polepole, maana siku hizi sina mahali pa kuwahi, nikasimama kidogo kutazama vumbi la barabara linavyoinuka na kutua juu ya kachumbari. Hutua taratibu sana, kama mtu anayesinzia. Nikitazama hivyo kwa muda, magari hupoteza sauti yake na mimi hurudi kwenye kazi yangu ya zamani.

Nimeuza vyakula karibu maisha yangu yote ya utu uzima, katika maduka na vihoteli vya Kisii na Nyamira. Hakuna aliyeniajiri kwa barua, na hakuna aliyenistaafisha. Siku moja miguu ilisema imetosha, nikaisikiliza.

Shule niliiacha mapema. Darasani kulikuwa na dirisha, na nje ya dirisha kulikuwa na barabara, nami sikuweza kuacha kujiuliza ile barabara inaishia wapi. Nimekaa Ogembo, nimekaa Tabaka, nimekaa mjini Kisii, nimekaa Ikonge, na kila nilipokaa niliuliza maswali mpaka watu wakanichoka.

Swali langu la kwanza la kazi lilihusu mkate. Nilikuwa Ogembo, kwenye duka la mzee mmoja mpole aliyeuza kila kitu kuanzia sindano hadi jembe. Mikate yake ilitoka tanuri la jirani bila karatasi yoyote, ikapangwa kwenye rafu ya mbao, na chini ya rafu kulikuwa na debe la mafuta ya taa. Nikamuuliza kwa nini mkate wetu unanukia taa. Akasema mkate ni mkate. Asubuhi moja nililihamisha debe nikalipeleka uani, na baada ya siku chache harufu ikaisha. Nilijiona mtu wa maana. Kisha mteja wetu wa kila siku akarudi na mkate wake mkononi.

"Hii si mkate yangu," akasema. "Yangu huwa na kitu fulani ndani."

"Kitu gani, mzee?"

"Sijui. Lakini hii haina."

Alienda akanunua kwingine, na sikulaumu ulimi wake. Ulimi hujifunza kilichopo. Kwa hiyo nawaambia tu, kama mnauza mkate au mandazi, msiviweke karibu na mafuta ya taa, sabuni ya kufulia, wala samaki wakavu. Chakula kisichofunikwa hunywa harufu kama kitambaa kinavyonywa maji. Na wateja wakilalamika kwamba kimebadilika, vumilieni.

Kitu kingine nilichokipenda ni kutazama inzi. Msicheke. Mchana wa jua kali, wateja wakiwa wamepungua, nilikuwa nakaa kwenye gunia la sukari na kumtazama inzi mmoja tangu atue kwenye mtaro mpaka atue kwenye sambusa. Anapotua husugua mikono yake, ya mbele kwanza, halafu ya nyuma, kwa utulivu wa mtu aliyealikwa chakula. Nilimtazama hivyo mpaka nikasahau nilipo. Aliponawa akaanza kutembea, na kila alipopita nilijua alitoka wapi. Tangu hapo sijala sambusa iliyokaa wazi, hata ukinipa bure.

Lakini nilitaka kuwaambia habari za Ikonge.

Ikonge ni juu, kuna baridi, na asubuhi ukungu hushuka kwenye mashamba ya chai mpaka huoni mtu, unaona vikapu tu vikielea juu ya majani mabichi. Nilifika huko nikimfuata mama mmoja wa Kisii mjini aliyehitaji msaidizi. Tulimwita Mama Amina. Babake alikuwa mfanyabiashara aliyekuja na wazee wake kutoka mbali na kuoa Mgusii, kwa hiyo alisali kwa Kiarabu, akahesabu kwa Kiswahili na kugombana kwa Ekegusii. Mumewe alikuwa amefariki. Baada ya eda alikuwa anaishi nyumbani kwa shemeji yake mjini, na aliniambia mwenyewe kwa nini aliondoka.

"Hawakunifukuza," alisema. "Walinipenda. Lakini nilikuwa mgeni anayepika. Unajua mgeni anayepika, Nyakundi? Hawezi kuondoka mezani na hawezi kukaa."

Alikuwa amekodi chumba sokoni Ikonge kwa Mzee Ombati, mtu mrefu mwenye koti refu, ili auze chai na mandazi kwa wachumaji. Chumba hicho kikifaulu, yeye na bintiye wangekuwa na kwao. Kikishindikana, angerudi kwa shemeji.

Na alikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyeweza kumwachisha. Amina alipokuwa mdogo aliwahi kuugua homa ya matumbo baada ya kula chakula cha barabarani. Alipona, tena alinenepa, lakini mama yake alikaa kando ya kile kitanda cha hospitali muda mrefu, na nadhani sehemu yake haikutoka pale. Alisema hatauza chakula kilicho wazi, na kwamba hakuna mkono utakaogusa andazi isipokuwa mkono wa atakayelila. Akamwagiza fundi mjini amtengenezee kabati la vioo. Lilikuja kwenye pikapu, limelazwa kati ya magodoro kama mgonjwa, na soko zima likatoka kulitazama.

Asubuhi ya kwanza tulikaanga mandazi, tukayapanga ndani yakiwa moto, tukafunga mlango. Mvuke ukajaa. Kabati zima likawa jeupe, hata sisi hatukuona kilichomo. Mchumaji mmoja akapita, akasimama, akaegemeza paji la uso kwenye kioo.

"Mama, umefungia ukungu ndani ya sanduku?" akauliza. "Sisi ukungu tunao wa bure."

Tulipofungua, mandazi yalikuwa yamelowa na kunywea kama sifongo. Wenye makabati ya vioo siku hizi nawaona mkifanya kosa lilelile, mnafungia chapati ingali na moto halafu mnashangaa kesho yake ina ukungu wa aina nyingine. Chakula kipumue kwanza. Sisi tuliyatandaza kwenye kikapu kipana chini ya kitambaa safi cha pamba mpaka mvuke uishe. Fundi akatoboa matundu nyuma ya kabati na kuyaziba kwa wavu mwembamba, hewa ipite na inzi asipite. Mimi nikakumbuka jiwe. Nilikuwa nimefanya kazi Tabaka, nikisugua vinyago vya mawe kwa msasa na maji, na huko nilijua kwamba lile jiwe laini likiota jua mchana kutwa, ukilishika jioni bado lina joto la mtu. Nikaenda nikaleta bamba lake. Tulikuwa tunaliweka kando ya jiko, si juu ya moto kwa sababu hupasuka, halafu tunalilaza chini ya kabati. Mandazi yakakaa vuguvugu na makavu, na kioo kikawa wazi kama maji ya kijito.

Yalikuwa mazuri. Ungeyaona ukiwa ng'ambo ya barabara, yamepangwa safu juu ya safu, rangi ya asali, asubuhi yote ikiwa ya kijivu na kabati letu peke yake likiwa na rangi. Nilidhani watu watakuja kama wanaoota.

Walikuja, ndiyo, na mikono yao.

Lazima niwaeleze desturi ya pale, maana wengine wenu mmezaliwa mjini. Mchumaji wa chai hanunui andazi kwa macho. Hulibonyeza. Hubonyeza hili, akaliacha, akabonyeza lile, akaliacha, akarudi kwa la kwanza. Ng'ambo ya barabara, chini ya mkaratusi, kulikuwa na dada mmoja aitwaye Nyaboke aliyeuza kwenye sinia lililowekwa juu ya kigoda, wazi kwa vumbi na kwa dunia nzima, na kila aliyepita alibonyeza.

Kiongozi wa wachumaji alikuwa Mama Kemunto, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kanisani. Aliingia na wenzake wakiwa na vikapu mgongoni, akazunguka kaunta kana kwamba ni jikoni kwake, akafungua kabati na kunyoosha mkono. Ulikuwa mweusi kwa utomvu wa majani ya chai, kwenye kucha na kwenye mistari ya kiganja. Mama Amina akaweka koleo lake la chuma kati ya mkono ule na mandazi.

"Ondoa mkono, mama. Nitakuchukulia mimi."

"Huu mkono?"

"Nionyeshe tu unayotaka."

"Nitajuaje na sijashika? Mandazi ya jana na ya leo ni mapacha. Mkono ndio unajua."

"Hapa hakuna ya jana."

"Wote husema hivyo."

"Mama, mkono umetoka shambani. Umejaa utomvu."

Mama Kemunto aliutazama mkono wake, akaugeuza, akautazama upande wa pili.

"Utomvu wa chai," akasema polepole. "Chai ambayo wewe unaniuzia kwa kikombe. Kwa kikombe ni tamu, kwa mkono wangu ni uchafu."

Akafunga kabati kwa upole, na ule upole ndio ulioniogopesha. Wote wakatoka, wakavuka barabara.

Nikawafuata. Mama Amina alinikasirikia kwa hilo, lakini nilitaka kuona. Nilisimama kando ya mkaratusi nikawatazama wakibonyeza mandazi ya Nyaboke, na kadiri nilivyotazama ndivyo nilivyoelewa kidogo. Mandazi yake yalikuwa sawa yote, yametoka kwenye mafuta mamoja, na wao walijua. Hawakuwa wanatafuta lililo laini kuliko mengine. Walikuwa wanamuuliza Nyaboke swali, na swali hilo wamezoea kuliuliza kwa vidole.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Tulikaanga kidogo, kisha kidogo zaidi. Mandazi yalikaa kwenye kioo yakitutazama, na jioni tuliyala sisi wenyewe kwa chai. Madereva wa boda walikuja wawili watatu. Amina, aliyekuwa shule ya msingi, aliulizwa na wenzake kama mama yake anauza mapambo.

Mzee Ombati akapita na koti lake.

"Mama Amina, sikufukuzi," akasema. "Lakini kuna mtu wa dawa za ng'ombe anakitaka hiki chumba. Mwezi ukiisha uniambie, unabaki au unaenda."

"Nitakuambia, mzee."

"Si ufanye kama Nyaboke? Weka sinia nje, watu washike. Nani amekufa?"

Mzee alipoondoka, Mama Amina aliniuliza mimi, lakini hakuwa ananitazama, alikuwa anatazama vioo.

"Nikiwaacha washike, nitauza?"

"Utauza."

"Na nikiuza, nitalala?"

Hata leo nikikumbuka naona ule uso wake ndani ya kioo, juu ya mandazi, kama mtu aliye chini ya maji.

Jumapili, wachumaji wakiwa wametoka misa, alivaa leso safi, akapanga mandazi kwenye kikapu, akayafunika kwa kitambaa, akaniambia nimbebee. Tulishuka kilima mpaka kwa Mama Kemunto. Alikuwa anaenda kuomba radhi, si zaidi ya hapo. Tulipofika tulikaribishwa bila neno la ugomvi, kwa sababu mtu akishaingia nyumbani kwako ni mgeni, hata kama jana ulimsema. Tukakalishwa. Chakula kilikuwa tayari, ugali wa wimbi na mboga chungu za chinsaga.

Kabla ya kutuandalia, Mama Kemunto mwenyewe alikuja na jagi la maji ya vuguvugu, sabuni na beseni. Akainama mbele ya Mama Amina, akamimina. Maji yakaanguka mikononi polepole. Nje mvua ilikuwa imeanza kunyesha kwenye migomba, na kwa muda sauti zile mbili zilikuwa sauti moja.

"Kwako mtu hali bila kunawa?" Mama Amina akauliza.

"Mgeni wangu ale na mkono mchafu? Watu watasema mimi ni mtu wa namna gani?"

"Basi siku ile ulinikasirikia nini?"

Mama Kemunto akaweka jagi chini.

"Kwani uliniwekea maji? Uliniwekea chuma."

Nilimwona Mama Amina akitazama mikono yake iliyolowa, kisha beseni, kisha mikono ya yule mwanamke. Ilikuwa imesuguliwa kwa ajili ya kanisa, na utomvu ulikuwa umebaki kwenye mistari tu, kama ramani.

"Nikikuwekea maji utanawa?"

"Mbona nisinawe? Ya moto?"

"Ya moto."

"Na nikinawa bado nitabonyeza. Nakuambia mapema tusigombane tena."

Mama Amina akacheka, mara ya kwanza tangu tufike Ikonge. "Utabonyeza ngapi?"

"Mpaka niridhike."

"Utabonyeza moja. Nitaiweka nje ya kabati, kwenye kisahani. Zote zimetoka kwa karai moja, ukijua hiyo umejua zote. Hiyo ni ya kubonyezwa, haina mwenyewe, haitaliwa na mtu."

Mama Kemunto alifikiria jambo hilo akiwa anakata ugali. Akasema ni ujinga, lakini angekuja kuuona huo ujinga.

Jumatatu tuliweka kando ya mlango birika kubwa la maji ya moto, beseni na sabuni. Mama Amina hakuniachia mimi wala mtu mwingine. Alisimama mwenyewe akamiminia kila aliyeingia, mchumaji, dereva wa boda mwenye mikono ya grisi, mzee wa mkongojo. Mwanzoni waliona haya. Mmoja akauliza tumealikwa harusi ya nani. Lakini maji ya moto Ikonge asubuhi ni kitu kitamu, vijana wangu. Nimeona watu wakifumba macho. Nimeona mwanamke akiendelea kunyoosha mikono baada ya maji kuisha, amesahau alikuja kununua nini.

Na lile andazi la kisahani walilibonyeza kwa zamu, kwa uzito mkubwa, wakitikisa kichwa. Wakalipa jina la Diwani kwa sababu kila mtu alilishika asubuhi na halikumpa mtu kitu. Kufika mchana Diwani alikuwa bapa kama chapati, na jioni kuku walimla. Kesho yake tulimchagua mwingine.

Hawakurudi wote. Wengine waliendelea na Nyaboke, na siku za mvua, hakuna aliyetaka kusimama kwenye foleni ya maji. Kila jioni Mama Amina alihesabu yaliyobaki kwenye kioo bila kuniambia ni mangapi. Mwezi ulikuwa unaisha na sikujua atajibu nini.

Asubuhi ya jibu kuni zetu zilikuwa zimelowa. Moto ulikataa, mafuta yakachelewa, na kabati likawa tupu wakati ambao lingekuwa limejaa. Ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Nilikuwa napuliza jiko huku machozi yakinitoka niliposikia sauti ya Mama Kemunto nje, nikachungulia. Alikuwa amelichukua birika letu na alikuwa anawamiminia wenzake. Walionawa walikuwa wamejipanga ukutani, mikono wameiinua mbele, mbali na nguo, ili isichafuke tena. Mvuke ulikuwa unatoka kwenye mikono ile yote. Ng'ambo ya barabara Nyaboke alikuwa amefungua, sinia lake limejaa.

Mzee Ombati akatokea kwenye ukungu na yule mtu wa dawa za ng'ombe. Wakasimama.

"Hawa wanaomba Mungu?" mzee akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Wanangoja mandazi, mzee."

"Yako wapi?"

"Bado."

Aliwatazama, akatazama ng'ambo, akawatazama tena. Mama Amina akatoka, unga hadi viwikoni, akawaona vilevile tulivyowaona sisi. Alisimama mlangoni kwa muda kabla ya kugundua kwamba mwenye nyumba yupo.

"Nimekuja kwa lile jibu," Mzee Ombati akasema.

Mama Amina akajifuta mikono kwenye leso.

"Mzee, mimi nataka bomba la maji hapa nje."

Yule wa dawa akavaa kofia yake, akaondoka. Mzee Ombati akautazama ukuta wake, akatembea hatua chache, akaugonga kwa vidole kusikia ulivyo.

"Upande gani?" akauliza.